Simbu alishinda Tokyo, lakini benchi ni la Wajapani

Septemba 15, 2025, ndani ya Uwanja wa Taifa wa Tokyo, Alphonce Simbu alimnasa Mjerumani Amanal Petros kwenye hatua ya mwisho kabisa. Saa ikasoma 2:09:48 kwa wote wawili. Ikabidi picha iamue, na picha ikasema Mtanzania yuko mbele kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Hata VAR ingeomba dakika tano za kuchora mistari. Ndiyo ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania tangu mashindano ya dunia ya riadha yaanzishwe, na ilichukuliwa nyumbani kwa watu wanaoipenda marathoni kama Kariakoo inavyoipenda dabi.

Shangwe ilikuwa halali. Ila kuna hesabu moja ambayo mashabiki wa soka wataielewa haraka kuliko mtu yeyote, kwa sababu ni hesabu ya benchi.

Ukichukua mkali mmoja mmoja, Tanzania haiwaogopi Wajapani. Rekodi ya taifa ya Gabriel Geay, saa 2:03:00 aliyoiweka Valencia Desemba 2022, ni muda ambao hakuna Mjapani aliyewahi kuukaribia. Kengo Suzuki alipoweka rekodi ya Japan mwaka 2021 alitumia saa 2:04:56. Namba tisa kwa namba tisa, Bongo inashinda.

Sasa angalia wachezaji wa akiba. Siku hiyo hiyo ya Suzuki, kwenye mbio za Ziwa Biwa, zaidi ya wakimbiaji 40 walimaliza chini ya saa 2:10. Mbio moja, asubuhi moja, karibu wote Wajapani, tena wengi wao majina ambayo hata shabiki wa riadha asingeyatambua. Mtu aliyemaliza wa 30 siku ile, kwenye nchi nyingi angekuwa nahodha wa timu ya taifa. Kule alirudi kazini Jumatatu.

Neno "kazini" hapo lisome lilivyo. Wakimbiaji wengi wakubwa wa Japan ni waajiriwa wa makampuni: Toyota, Honda, Fujitsu, Asahi Kasei. Wana meza, wana mshahara, wana kocha, wana bweni, na Januari mosi kampuni zao zinapambana barabarani mkoani Gunma kwenye mbio za kupokezana za kilomita 100, nchi nzima ikitazama. Kwa Kibongo, ni Mtibwa Sugar na Kagera Sugar za riadha. Mkimbiaji akivunjika kidole cha mguu hafi njaa, na akistaafu ana pa kwenda.

Lakini kampuni ni ghorofa ya juu tu. Msingi uko chini zaidi, na jina lake ni Hakone.

Kila Januari 2 na 3, vyuo vikuu vya ukanda wa Tokyo hukimbia kutoka katikati ya jiji hadi Ziwa Ashi kwenye milima ya Hakone, kisha kesho yake kurudi. Jumla ni kilomita 217.1, vipande kumi, kila kijana kipande chake cha takriban kilomita 20, na kinachopokezwa ni mkanda wa kitambaa unaovaliwa begani. Kipande cha tano kinapanda mlima zaidi ya mita 800. Anayekipanda vizuri anaitwa mungu wa mlima, na jina hilo humfuata maisha yote. Televisheni inayoonyesha hupata karibu asilimia 30 ya watazamaji. Hao ni wanafunzi, unaambiwa, siyo mapro.

Kwa kawaida timu ni 21. Mara kumi, ni vijana 210 wenye uwezo wa kukimbia kilomita 20 kwa kasi ambayo kwingine ingewapeleka mashindano ya kimataifa. Na bado kuna kushuka daraja! Timu kumi za juu zinajihakikishia nafasi mwaka unaofuata. Zilizobaki zinarudi Oktoba kwenye mchujo, ambapo wanakimbia hadi vijana 12 na kuhesabiwa muda wa kumi bora. Hapo ndipo siri ilipo. Chuo hakiwezi kupita kwa kuwa na nyota mmoja. Kinapita kwa mtu wake wa kumi. Kocha kule usiku halali akimuwaza wa kumi, siyo wa kwanza.

Kuna sheria moja katili. Timu ikiachwa mbali mno na inayoongoza, mkimbiaji anayesubiri analazimishwa kuondoka bila mkanda wa timu yake, amevalishwa wa akiba. Mwenzake anafika kituoni anakuta hakuna mtu wa kumkabidhi, na mara nyingi huanguka chini akilia. Mashabiki wanaoziita riadha mbio za ubinafsi wangeangalia tukio hilo mara moja tu wangenyamaza.

Aliyeanzisha yote haya ni Shizo Kanakuri, kijana aliyekwenda Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, joto likamshinda katikati ya marathoni akaishia njiani. Hakurudi nyumbani kutafuta kijana mmoja mwenye mapafu ya ajabu. Mwaka 1920 alisaidia kuanzisha mbio zinazolazimisha kila chuo kuwa na watu kumi. Vyuo vinne vilijitokeza, na kilichoshinda mara ya kwanza kilikuwa chuo cha ualimu. Hilo la chuo cha ualimu likumbukwe, maana sasa safari inaelekea Rukwa.

Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Naoko Takahashi, Mjapani aliyetwaa dhahabu ya marathoni Sydney mwaka 2000, alilazimika kuvuka bahari kwenda kujinoa Boulder, Colorado, mji ulio chini kuliko Sumbawanga. Alikuwa akifuata hewa nyepesi. Hewa hiyo mtoto wa Mazwi anaivuta bure akienda dukani kununua chumvi.

Uwanda wa Ufipa una kila kitu ambacho vitabu vya makocha vinataka. Baridi ya Juni na Julai inayowafanya watu wavae makoti mchana. Milima ya Mbizi kwa ajili ya kupanda. Barabara za vumbi laini zisizo na kona nyingi. Na ukitaka kushuka, bonde la Ziwa Rukwa liko chini kwa takriban kilomita nzima: unaweza kulala juu kwenye baridi na kwenda kufanya mazoezi ya kasi chini kwenye hewa nzito, kitu ambacho timu za Ulaya hulipa pesa nyingi kukipata. Wakazi wenyewe ni watu wa jembe, waliozoea kuinua matuta ya kuozesha nyasi, kazi inayomaliza mgongo. Chakula ni ulezi, mahindi na maharage.

Pamoja na hayo yote, marathoni ya Tanzania haizungumzi Kifipa. Majina makubwa yametoka Manyara, Arusha, Singida, Dodoma. Ukitaja Sumbawanga kwenye kijiwe cha soka, wengine wataleta utani wa uchawi, wengine watakumbuka fainali ya Kombe la Shirikisho Agosti 2, 2020, Simba walipowafunga Namungo 2-1 pale Nelson Mandela, au zile mechi Tanzania Prisons walipoufanya uwanja huo kuwa wa nyumbani na wakubwa wa Dar wakahema kutafuta pumzi. Mwinuko ule unaowachosha viungo wa Kariakoo dakika ya 70 ndio ule ule unaotengeneza mkimbiaji. Umekuwa ukitumika kama kisingizio cha sare, basi.

Kwa hiyo ishu siyo mapafu. Kama mwinuko peke yake ungetengeneza mabingwa, Japan isingekuwa na mtu na Rukwa ingekuwa na mia.

Tanzania yenyewe imeshajifunza hili kwa uchungu, na mwalimu alikuwa Japan. Desemba 1983, Juma Ikangaa aliwaburuza wakali wa dunia huko Fukuoka, akafika mita za mwisho na Toshihiko Seko mgongoni. Seko akampita, 2:08:52 dhidi ya 2:08:55. Ikangaa hakukata tamaa. Alirudi akashinda Tokyo mwaka 1984, akashinda tena 1986, na mwaka huo huo akabeba Fukuoka yenyewe. Wajapani wa rika fulani wanamkumbuka hadi leo. Baadaye ikaja New York 1989 na nafasi ya pili mara tatu mfululizo Boston.

Alipopungua kasi, nyuma yake kulikuwa na nani? Kulikuwa na wazuri wa hapa na pale, siyo safu. Seko alipoondoka, Japan ilitoa Hiromi Taniguchi, bingwa wa dunia 1991, na Koichi Morishita, fedha ya Olimpiki 1992. Na Morishita huyo ndiye aliyekuja kumnoa Mkenya Samuel Wanjiru, aliyepelekwa Sendai kusoma sekondari akiwa na miaka 15, akaishia na dhahabu ya Olimpiki Beijing 2008. Kenya iliutumia mfumo wa Japan kama shule ya bweni. Douglas Wakiihuri alikuwa ametangulia: alijinoa Japan, akawa bingwa wa dunia 1987.

Haki itendeke: mfumo huo una lawama zake, na ni kubwa. Wapo wanaosema Hakone inawakamua vijana wakiwa na miaka 21, kila kitu kinapangwa kwa ajili ya kilomita 20 za Januari, na wanapofika marathoni tayari wamechoka mwili na akili. Ushahidi haujifichi. Tangu Taniguchi, hakuna mwanamume wa Japan aliyekuwa bingwa wa dunia wa marathoni, na Septemba ile walibaki kumpigia makofi Simbu kwenye uwanja wao. Upana wa kikosi hauleti kombe wenyewe. Unachofanya ni kuhakikisha kila mwaka upo kwenye nusu fainali, na siku nyota akichomoza hachomozi peke yake.

Tanzania haihitaji kunakili hadi mkanda wa kitambaa. Nusu ya mfumo tayari ipo, ila kila kipande kimekaa kivyake. UMITASHUMTA na UMISSETA zinakusanya watoto kila mwaka. Majeshi ndiyo kampuni ya Toyota ya hapa: Ikangaa alikuwa mwanajeshi, Simbu ni mwanajeshi. Kwa Rukwa, kuna JKT Milundikwa, kuna gereza la kilimo la Mollo, kuna sekondari za Kantalamba na Mazwi, na kuna, ndiyo, chuo cha ualimu.

Kinachokosekana ni mbio inayomlazimisha kila mmoja kumtafuta mtu wake wa kumi. Na barabara ipo. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, kupitia Ikana na Laela, ina takriban kilomita 223, karibu sawa kabisa na Hakone ya kwenda na kurudi. Siku mbili, vipande kumi, baada ya mavuno, wakati wa kiangazi na baridi. Usalama barabarani ungekuwa na kazi, kwani malori ya mahindi ya kwenda mpakani hayajui sikukuu, lakini mwenge hupita kila mwaka na malori hukaa pembeni.

Gharama yake ni ndogo kuliko usajili wa winga mmoja wa kigeni anayeishia jukwaani. Ugumu ni kumshawishi mkuu wa shule kwamba mtoto wake wa kumi, yule asiyeshinda chochote, anastahili viatu na sahani ya ziada kama yule wa kwanza. Kwenye soka hoja hiyo haihitaji kuelezwa. Timu inayocheza Ligi Kuu na Afrika kwa wachezaji 11 huonekana ikiporomoka Februari.

Simbu alizaliwa Februari 1992. Alikuwa na miaka 33 alipomshika Petros, na Olimpiki ya Los Angeles itamkuta na 36. Mtoto aliyeanza kidato cha kwanza Mazwi mwaka 2026 atakuwa kidato cha tatu wakati huo, karibu umri ule ule ambao Wanjiru alipanda ndege kwenda Sendai.