Daftari la Wiki: Juni Tutembee Kwetu

Korosho zimeuzwa, malipo ya mnada wa mwisho yameingia, na hapa Tandahimba kila mwenye chake anapanga. Huyu anaezeka bati, yule ananunua pikipiki, mwingine anakwenda Dar es Salaam kuwaona wanawe. Mimi na wenzangu tunapanga safari ya kutembea kwetu wenyewe. Tutaanzia Mikindani, tupande uwanda wa Makonde kupitia Mahuta, tufike Newala, tuteremkie Masasi, tumalizie Ndanda. Tutaondoka Juni, shule zikifungwa, maana mvua itakuwa imekatika na ngoma za jando na unyago zitakuwa zimeanza kulia vijijini.

*

Wazo hili nimelipata Japani, kwa kusoma tu. Huko kuna mji unaoitwa Ise, wenye hekalu kubwa kuliko yote kwa heshima. Zamani za watawala wa ukoo wa Tokugawa, mkulima wa kawaida hakuwa na uwezo wa kwenda Ise peke yake. Kwa hiyo wanakijiji walijiunga katika vikundi, kila mmoja akatoa kidogo kidogo, kisha wakapiga kura. Waliopata walikwenda kwa miguu kwa niaba ya kijiji kizima. Mahujaji waliotoka upande wa Edo (ndiyo Tokyo ya leo) walipita njia kuu ya Tokaido iendayo Kyoto, iliyokuwa na vituo 53 vya kulala, kula na kubadilisha farasi. Msanii Hiroshige alivichora vituo hivyo katika miaka ya 1830, na picha zake zikaenea dunia nzima.

Nimelifikiria jambo hili wiki nzima. Mahali tunapopaita leo vivutio vya Japani palitamaniwa kwanza na wakulima wa mpunga, watu waliochangishana wakatembea kwa siku nyingi kwenda kupaona. Wageni wenye kamera walikuja baadaye sana. Huku kwetu tunasubiri mgeni aje kwanza ndipo tuamini kwamba Newala ina cha kutazamwa. Na kuchangishana tunakujua: hakuna kijiji cha Tandahimba kisicho na kikoba. Kikoba kinachoweza kununua viti na masufuria ya shughuli kinaweza kupeleka wanachama wanne Shimo la Mungu la Newala.

*

Kuna habari nyingine ya Ise iliyonigusa zaidi. Katika mji huohuo, upande wa Futami, ambako miamba miwili ya baharini imefungwa pamoja kwa kamba ya majani ya mpunga, kuna jumba la makumbusho la sanaa ya Kimakonde. Mjapani akienda hija anaweza kupita hapo akaona mpingo wetu, vinyago vya mashetani na minara ya watu waliobebana. Leipzig, Ujerumani, nako ziko kazi za mikono ya huku. Mtoto wa kijijini Mihambwe au Nanhyanga akitaka kuona kazi za mababu zake zimepangwa kwa heshima, inambidi asafiri mbali sana.

Siwalaumu Wajapani hata kidogo. Wamezipenda kazi hizi, wakazitunza. Ninachotaka ni kwamba na sisi tuzipende kwa kiasi hichohicho, hapahapa zilikotoka.

*

Mikindani haitatuchukua muda. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 linajulikana, na kwamba Livingstone alianzia huko safari yake ya mwisho mwaka 1866 kila mtoto wa shule ameandika kwenye mtihani. Tutalala usiku mmoja, tule samaki, tupande.

*

Barabara. Kutoka Mtwara kupitia Newala hadi Masasi ni kilomita 210. Hamsini za mwanzo, mpaka Mnivata, ni lami. Zile 160 zilizobaki ndizo za mradi wa kuweka lami. Nimewaambia wenzangu wabebe kanga na vitambaa vya kujifunika vumbi, na wasiwe na haraka. Anayekimbilia kufika atapita Mahuta bila kujua amepita.

*

Na Mahuta ndipo ninapotaka tukae sana. Mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa bado moto katika sehemu nyingine za kusini, alipita huku Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig. Alikaa Masasi, akakaa Newala, akakaa Mahuta. Alikuwa na kamera, na alikuwa na mashine ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta. Akapiga picha, akarekodi nyimbo, akanunua vinyago, akaondoka navyo, na mwaka 1908 akatoa kitabu. Sauti za watu wa uwanda huu zilinaswa miaka zaidi ya 110 iliyopita, na wajukuu wao hawajazisikia. Shule zetu za sekondari zingeweza kuomba nakala. Siku hizi nakala ya sauti husafiri kwa simu.

Juu ya uwanda huohuo aliishi Machemba, mkuu wa Wayao aliyemwandikia kamishna wa Kijerumani mwaka 1890, kwa Kiswahili, akikataa kwenda kumwinamia. Wanahistoria wameinukuu barua hiyo mara nyingi. Huku sijaona hata kibao cha mbao chenye jina lake.

*

Jambo la mapiko, yaani wachezaji wa ngoma waliovaa vinyago, linahitaji adabu, na nimeliandikia ukurasa mzima katika daftari la safari. Lipiko likitoka, waliokwisha kupita jandoni hawasemi ni nani aliye ndani. Anayetaja jina la mchezaji amevunja kitu ambacho hakiungiki kwa kuomba radhi tu. Kwa hiyo tutawaona wenye ngoma kwanza, tutawapa shikamoo na chochote cha mkononi, tutauliza kama simu zinaruhusiwa. Wakisema hapana, zinabaki mifukoni.

Kinyago cha kuchezea huchongwa kwa mti mwepesi, si mpingo. Kikichakaa huchongwa kingine. Hekalu la Ise lenyewe hubomolewa na kujengwa upya kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho 2013, na hivyo fundi mzee hupata nafasi ya kumfundisha kijana kazi yote tangu gogo la kwanza. Kinachotunzwa ni ufundi. Nawaogopea mafundi wetu kuliko ninavyoviogopea vinyago, kwa sababu kinyago kilichoibwa kwenye Makumbusho ya Taifa mwaka 1984 kilipatikana Geneva na kikarudi nchini mwaka 2010. Fundi aliyekufa bila mwanafunzi harudishwi na makubaliano yoyote.

*

Newala wengi watataka Shimo la Mungu, na wana haki. Ukisimama ukingoni pale, ardhi inakatika mbele yako, bonde la Ruvuma liko chini kabisa, na ng'ambo ni Msumbiji. Boma lililo karibu lilitekwa na Wareno mwaka 1916 kisha likachukuliwa tena na Wajerumani mwaka huohuo.

Lakini mimi nataka tutembee njia ya maji. Udongo wa uwandani ni mchanga. Mvua inazama, visima havina kitu. Watu walipanda huku zamani kujificha na wawinda watumwa na mashambulizi ya Wangoni, na usalama huo waliulipia kwa maji. Wanawake waliteremka mabondeni gizani wakapanda na mitungi kichwani jua likiwa limeshachoma. Mabomba ya kusukuma maji kutoka bonde la Kitangari yalikuja miaka ya 1950, na hata leo kuna nyumba zinazokinga mvua ya paa kwa sababu bomba halitoshi. Nimeomba wazee wa kike watuongoze katika mojawapo ya njia hizo. Sijui urithi wa uwanda huu uliowagharimu watu zaidi ya huo.

*

Masasi: kilima cha Mtandi na kanisa lake. Mwaka 1876 Askofu Steere alifika hapo na watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha kijiji. Wangoni wakakishambulia mwaka 1882, na kikainuka tena. Baadaye Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926, aliliingiza jando ndani ya Ukristo badala ya kulipiga marufuku. Wazee wa Kanisa bado wanabishana kama alifanya vema, na ningependa tuwasikilize wakibishana. Kisha Lupaso, alikozaliwa Rais wa zamani Mzee Benjamin Mkapa mwaka 1938 na alikozikwa 2020. Kisha Ndanda kwa Wabenediktini, tukapumzike.

*

Ijumaa nilipeleka mpango huu kwa kikoba cha akina mama wa sokoni. Walinisikiliza mpaka mwisho. Mwenyekiti wao akauliza maswali mawili: Newala tutalala wapi watu 14, na kwa nini nimeweka usiku mmoja tu Mahuta ilhali nimepasifu hivyo. Nimeongeza wa pili. La malazi nitalijibu wiki ijayo, nikishazungumza na parokia na shule zenye mabweni.