Diploma Unayo, Mbona Campo Wanakurudisha Fresha?

Wasee wa Plateau, hii story mnaijua. Mtoi wa jirani alipata C plain KCSE. C+ ya digrii haikufika, so akaanza kuhustle: kila asubuhi matatu hadi Eldoret tauni, diploma miaka mitatu. Mathee akauza ng'ombe, mahindi yakaenda kwa karo. Sasa amemaliza, anaomba digrii ya kozi ileile, anaambiwa: karibu, anza mwaka wa kwanza.

Buda, hiyo ni miaka saba kwa kozi moja.

Na si ati sheria haipo. Ile ya mfumo wa kufuzu, KNQF, ilipitishwa 2014 ikaunda KNQA. Masomo yakapangwa kama ngazi: diploma levo 6, digrii levo 7. Idea ni upande bila kurudishwa chini. CUE nayo, kwa miongozo yake ya 2014, inaruhusu kuhamisha krediti kama programu zinafanana, lakini isizidi 49% ya kozi za msingi. So msee akikuambia atakumalizia digrii ya miaka minne kwa mwaka mmoja, kimbia.

Shida ni kwamba hiyo 49% ni dari, si ahadi. Anayeamua ni chuo. Idara inachukua transkripti yako na kulinganisha yunit kwa yunit. Diploma imejaa kazi ya mikono, karakana na atachi. Digrii imejaa nadharia. Yunit zinaweza kuwa na jina moja na bado mhadhiri aseme uzito si sawa.

Kule California, Marekani, kuna tovuti inaitwa ASSIST. Kabla ujiandikishe kozi ya chuo kidogo, unaona kama chuo kikuu cha serikali kitaihesabu. Huku unajua ukishafika dirishani.

Na hapo dirishani ni doh inaongea. KUCCPS inapanga watu kwa digrii na gredi za KCSE. Wewe wa diploma mara nyingi unaingia kwa kujilipia. Kila mwaka ukikatwa, umeokoa karo, rent na chakula, na unaanza kutafuta kazi mapema.

Mimi niliacha campo, so sitakupigia lekcha. Lakini nilipojaribu kuhamia kwingine, niliulizwa muhtasari wa kila yunit niliyosoma. Nilikuwa nimezitupa siku nikihama hosteli. Miaka miwili ikaenda hivyo.

So jipange hivi:

Kabla uanze diploma, iwe RVTTI ama Eldoret National Poly, nenda kwa idara ya digrii unayotaka na uulize yunit gani watahesabu.

Uliza zaidi ya chuo kimoja. Moi iko Kesses, University of Eldoret iko Chepkoilel. Zote ziko Uasin Gishu, na jibu linaweza kuwa tofauti.

Jibu liwe kwa maandishi, na barua ama imeili ya idara. "Usijali, itawezekana" si jibu.

Weka transkripti na muhtasari wa kila yunit tangu semista ya kwanza. Piga picha, tuma kwa imeili yako.

Haya yote fanya kabla ulipe karo. Ukishalipa, huna tena cha kubargain nacho.