Akaunti 'ya bure' Texas: nani hulipa?

Waafrika Mashariki wengi waishio Dallas, Fort Worth na Houston, jimboni Texas, huvutiwa na akaunti za benki zinazotangazwa kuwa za bure.

Hata hivyo, gharama yake huwaangukia zaidi wale ambao salio lao huisha kabla ya siku ya mshahara.

Benki inapomlipia mteja kiasi kilichopungua, huduma iitwayo ovadrafti, huweza kumtoza hadi dola 35, hata kama amepungukiwa na dola chache tu.

Tangu mwaka 2010, ni lazima mteja atoe idhini kabla ya kutozwa ada hiyo anaponunua kwa kadi au kutoa fedha kwenye mashine. Hundi hazikuguswa.

Mwaka 2022 Capital One iliifuta ada hiyo, na Bank of America ikaipunguza kutoka dola 35 hadi 10.

Desemba 2024, mamlaka ya kuwalinda wateja iliweka kikomo cha dola 5 kwa benki kubwa. Benki zilipinga, na Mei 2025 Rais Donald Trump akatia saini azimio la Bunge lililoifuta kanuni hiyo.

Kuzikwepa benki nako kuna gharama. Tangu Januari 2026, anayetuma fedha nje kwa kulipa taslimu hutozwa kodi ya asilimia 1. Anayetuma kutoka akaunti ya benki ya Marekani hatozwi.

Kwa anayetuma karo Nairobi au Mwanza, kinga iliyo mikononi mwake ni kukataa kutoa idhini ya ovadrafti.