Dunia Bapa Haipimiki

Imani kwamba dunia ni bapa hujinadi kwa hoja moja: mtu aamini macho yake, si vitabu. Macho huona uwanda, ziwa limetulia sawasawa, wala hakuna anayehisi kuzungushwa. Wanaoieneza kwenye video za simu hawasemi kwamba wanapinga sayansi. Husema wao ndio wanaopima, na wengine wote wamekaririshwa shuleni. Dai hilo la kupima ndilo la kushikwa, kwa sababu ni la uongo. Kila mara imani hii ilipopimwa kwa uangalifu ilianguka, na zaidi ya mara moja ilianguka mikononi mwa waumini wake wenyewe.

Wala si elimu ya wahenga iliyofichwa na NASA, shirika la anga za juu la Marekani lililoundwa mwaka 1958. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle alikwisha kutaja kivuli cha duara ambacho dunia hukitupa juu ya mwezi unapopatwa. Katika karne ya 11, al-Biruni alipanda mlima karibu na ngome ya Nandana, katika Pakistan ya leo, akapima upeo wa macho umeshuka kiasi gani, na kutokana na pembe hiyo akakokotoa ukubwa wa dunia. Wanazuoni wa Kiislamu Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, na Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, wote walishika kwamba dunia ni mviringo. Anayetumia aya za Kurani za kutandazwa kwa ardhi kulipinga tufe anabishana na wanazuoni hao kabla hajabishana na Wamarekani.

Imani ya leo ni changa, na chimbuko lake ni Uingereza. Mwaka 1838 Samuel Rowbotham aliingia katika mto wa kuchimbwa uitwao Old Bedford, mashariki mwa nchi hiyo, penye kipande kilichonyooka kwa kilomita 10 hivi. Akashika darubini sentimita 20 tu juu ya maji, akaitazama mashua yenye bendera ikienda zake. Kwa hesabu ya tufe, bendera ingezama nyuma ya mpindo wa maji kabla ya kufika mwisho. Rowbotham akasema aliiona safari nzima, na juu ya neno hilo akajenga kijitabu, kisha kitabu, kisha mihadhara ya kulipiwa kiingilio. Kasoro ilikuwa pale alipoweka jicho. Hewa inayogusana na maji baridi huwa nzito kuliko iliyo juu yake, na mwanga unaopita humo hupinda kwenda chini, ukiufuata mpindo wa maji. Wapima ardhi wanaijua hila hiyo, ndiyo maana huinua vyombo vyao.

Mwaka 1870 mfuasi wake, John Hampden, aliweka dau la pauni 500 kwa atakayemwonyesha mpindo wa maji yaliyotulia. Aliyelipokea ni Alfred Russel Wallace, mtaalamu wa viumbe aliyefikia nadharia ya uteuzi wa asili sambamba na Darwin, na ambaye ujanani alifanya kazi ya upimaji ardhi. Wallace alikwenda mto ule ule, ila akaipandisha darubini mita 4 juu ya maji. Kwenye daraja la mwisho akaweka alama ya kimo hicho hicho, na katikati ya njia akasimika mti wenye alama ya kimo hicho hicho. Maji yangekuwa bapa, vyote vitatu vingekaa kwenye mstari mmoja. Alama ya katikati ilionekana juu ya mstari kwa mita moja na nusu hivi. Mwamuzi wa upande wa Hampden akachungulia darubini hiyo hiyo, akatangaza kwamba ubapa umethibitishwa! Mhariri wa jarida la The Field, aliyekuwa msuluhishi, akampa Wallace ushindi. Hampden hakukubali, kwa miaka kadhaa alimwandama Wallace kwa matusi na vitisho, hata akafungwa jela.

Watetezi wa tufe nao huiharibu kesi yao wanapomwegemea peke yake Eratosthenes, Mgiriki wa kale aliyekokotoa ukubwa wa dunia kwa vivuli. Vipimo viwili vya jua, cha Aswan na cha Alexandria, vinaweza kuelezwa kwa tufe lenye jua la mbali au kwa uwanda wenye jua la karibu. Kituo cha tatu ndicho huamua. Siku ya Machi au Septemba ambapo usiku na mchana hulingana, jua la adhuhuri huwa utosini Nanyuki, mji wa Kenya ulio kwenye ikweta. Siku hiyo hiyo, adhuhuri ya Cairo hulikuta jua nyuzi 30 kutoka utosini, ya London nyuzi 51 na zaidi, ya Helsinki nyuzi 60. Anayechukulia ardhi kuwa bapa na kupiga hesabu ya pembetatu kutoka ikweta hadi Cairo hupata kwamba jua liko kilomita 5,800 juu. Hadi London hupata 4,600. Hadi Helsinki 3,800. Jua moja, siku moja, vimo vitatu.

Asiyependa hesabu na aamke mapema siku hiyo huko huko Nanyuki. Katika ramani inayotumiwa na wengi wa waumini hawa, Ncha ya Kaskazini iko katikati, na siku hiyo jua huzunguka juu ya ikweta kwenye kimo cha kilomita 5,000 hivi. Wakati wa macheo lingekuwa robo ya duara mbali, kwa hiyo lingeonekana kaskazini-mashariki, tena likiwa limekwisha panda nyuzi karibu 20. Mkulima wa Nanyuki huliona likitoka mashariki halisi, na likitoka chini.

Ramani hiyo imechorwa kana kwamba kusini hakukai watu. Kadiri mtu anavyoiacha ikweta kwenda kusini, ndivyo masafa ya mashariki na magharibi yanavyovutwa. Ndege ya moja kwa moja kutoka Johannesburg hadi Sydney hukata kilomita 11,000 hivi kwa muda wa saa 12. Kwenye ramani bapa masafa hayo hupita kilomita 23,000, na ndege ya abiria ingelazimika kukaribia mara mbili ya kasi ya sauti.

Manahodha wa majahazi waliuona mpindo wa dunia bila ndege. Muscat, Nyota ya Kaskazini hukaa nyuzi 23 hivi juu ya upeo. Jahazi likiteremka na kaskazi, nyota hushuka usiku baada ya usiku, na huko Zanzibar haionekani tena. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15, aliviandika vipimo vya nyota hiyo kwa vidole, bandari kwa bandari, maana kwa kimo chake nahodha alijua amefika wapi. Juu ya uwanda nyota hiyo isingezama hata Cape Town. Isitoshe, anga la kusini huzunguka nukta yake yenyewe, ambayo Cape Town, Perth na Santiago huiona kusini halisi. Kwenye ramani bapa, kusini ya miji hiyo ni pande tatu zinazoachana.

Waumini wa leo wana vyombo bora kuliko Rowbotham. Filamu ya Behind the Curve, ya mwaka 2018, inaonyesha Wamarekani walionunua jairoskopu ya leza, chombo cha kupima mzunguko, kwa dola 20,000 hivi. Kama dunia ingekuwa imetulia, jairoskopu isingesoma kitu. Ilisoma nyuzi 15 kwa saa, yaani duara zima kwa siku. Bob Knodel na wenzake hawakuiacha imani. Walianza kutafuta namna ya kukikinga chombo na nguvu za mbinguni.

Desemba 2024, Will Duffy, mchungaji wa Colorado, aliwapeleka Antaktika watu wa pande zote mbili. Katika ramani bapa huko ni ukuta wa barafu ukingoni mwa dunia, na jua haliwezi kukaa angani saa 24. Kwenye kambi ya Union Glacier lilizunguka anga lote bila kuzama. Jeran Campanella, mmoja wa wasemaji mashuhuri wa dunia bapa, alikiri hivyo mbele ya kamera. Baadhi ya wenzake wa zamani walidai kwamba picha zimetengenezwa studio. Vinara wengine wa imani hiyo walikuwa wamealikwa pia, wakakataa kwenda.