Mbwa Ananuka, Mbwa Ananusa

Mwanafunzi wa Msambweni akisimama darasani aseme "The food smells nicely," darasa zima litacheka na mwalimu atacheka nalo. Atasahihishwa: sema "smells nice." Akiuliza kwa nini, jibu huwa ni lile lile: ndivyo Kiingereza kilivyo, keti chini. Mimi nasema jibu hilo ni uvivu, na ni uvivu unaowala watu riziki. Sababu ipo, na imekaa mdomoni mwa yule yule mtoto aliyechekwa.

Hebu sikiliza. Kwa Kiswahili mbwa ananuka, mbwa ananusa, na pilau inanukia. Vitenzi vitatu, na hata mtoto wa chekechea pale Ukunda hawezi kuvichanganya. Mzungu amevifunga vyote vitatu katika neno moja, "smell". Ikabidi atafute njia nyingine ya kukuambia anamaanisha lipi, na njia yenyewe ameiweka mwishoni mwa sentensi. "The dog smells bad": mbwa ananuka, mwogesheni. "The dog smells badly": pua ya mbwa ina kasoro, hafai kulinda geti. Kivumishi kinamweleza mbwa, kielezi kinaeleza kazi ya pua.

Endelea hivyo hivyo. "Look" ni kuonekana, na pia ni kutazama. "She looks angry," anaonekana ana hasira. "She looks angrily at the makanga," anamtazama makanga kwa hasira, pengine amenyimwa chenji. "Feel" ni kujisikia, na pia ni kupapasa. "Taste" ni kuwa na ladha, na pia ni kuonja. Pale ambapo Kiingereza kina kitenzi kimoja chenye nyuso mbili, Kiswahili kimeshakata vipande viwili zamani. Ukitaka kujua kama utie "-ly" au uache, jiulize kwa Kiswahili: huyu anafanya kitu, au anaelezwa alivyo? Ananusa au ananuka? Ni dakika tano za ubaoni. Nimepita shule ya msingi, nikapita ya upili, nikaonja na chuo kikuu kabla sijaondoka, na hizo dakika tano hakuna aliyenipa.

Kinachoniudhi hasa ni ratiba. Kipindi cha Kiswahili tunafundishwa vitenzi vishirikishi: ni, si, ndiye, yuko, yumo. Kengele inalia, mwalimu wa Kiingereza anaingia na "linking verbs". Ni somo moja bana! Ni ukuta mmoja umepakwa rangi mbili. Lakini mwalimu wa pili hawezi kusema "kumbukeni mlichosoma sasa hivi", kwa sababu kwenye kipindi chake Kiswahili ni kosa. Shule nyingi tulizopita zilikuwa na ile disk ya kumvisha aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani. Ngũgĩ wa Thiong'o alilieleza jambo hili mwaka 1986 katika Decolonising the Mind: wakati wake mtoto alivikwa kibao cha chuma shingoni, kimeandikwa kwamba yeye ni mjinga au ni punda. Angalia ujenzi wa sentensi hiyo. Mtu, kitenzi kishirikishi, halafu tusi. Sarufi waliijua vizuri sana walipotaka kutukana.

Na hili halikuanguka kutoka mbinguni. Tume ya Ominde mwaka 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi mwaka 1976 ikarudi nyuma kidogo: miaka mitatu ya mwanzo, mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Kwenye karatasi, mtoto wa Kwale ana Chidigo au Chiduruma, ana Kiswahili, kisha anaongezewa Kiingereza. Kwenye darasa, anaambiwa amwage vile viwili ndiyo cha tatu kipate nafasi. Kana kwamba kichwa ni mtungi.

Turudi kwa "smells nicely", maana kosa lenyewe lina akili. Sisi husema "chakula kinanukia vizuri", "najisikia vibaya". Hiyo vi- ni kielezi. Mtoto amebeba kielezi chake kihalali kabisa na kukivusha kama kilivyo: "nicely", "badly". Unataka ushahidi kwamba anafikiri na habahatishi? Sijawahi kumsikia mtu yeyote, kuanzia Likoni hadi Lunga Lunga, akisema "she looks tiredly". Kwa nini? Kwa sababu Kiswahili chenyewe husema "anaonekana mchovu", kwa kivumishi. Palipo na kivumishi kwetu, anaweka kivumishi. Palipo na kielezi, anaweka kielezi. Huyu si mjinga. Ni mkalimani asiyelipwa.

Halafu walimu wenyewe huzidisha fujo. Tulikatazwa kujibu "I'm good", eti "good" ni ya tabia njema, ni ya malaika. Sema "I am well". Sasa mtoto anajua "good" ni kivumishi na "well" ni kielezi, maana ndivyo alivyokaririshwa wiki iliyopita. Akiona "good" imefukuzwa baada ya "am" na "well" imekaribishwa, atahitimisha nini? Kwamba baada ya "am" na "feel" kinatakiwa kielezi. Basi anasema "I feel badly", na mnacheka tena. Hakuna aliyemwambia kwamba "well" hapo ni kivumishi chenye maana ya mzima wa afya, na kwamba "I'm good" ni sarufi safi isiyo na doa. Na wala hakuna aliyemwambia kwamba wenye lugha, watu waliosoma, nao husema "I feel badly" wakiwa na majuto, na wamebishana juu yake miaka na miaka.

Haya yangekuwa mazungumzo ya walimu tu kama Diani isingekuwa Diani. Huku Kiingereza ndicho geti la hoteli. Niliwahi kuhojiwa katika hoteli moja, sitaitaja, tukiwa tumepangwa watano watano kama mikate. Dada aliyekaa kando yangu aliulizwa anajisikiaje. Akajibu kwa heshima zote: "I am feeling nicely, madam." Waliokuwa mezani wakatazamana, wakatabasamu lile tabasamu, na hakuulizwa la maana tena. Kazi aliyokuwa akiomba ni ya kutandika vitanda. Shuka haijui kielezi. Dada mwenyewe anaongea Chidigo, Kiswahili, Kiingereza cha kutosha, na Kijerumani alichokiokota akiuza leso ufukweni.

Na hicho Kijerumani ndicho kinanichekesha. Kwa Mjerumani, "gut" ni neno moja: chakula ni "gut", na mtu akiimba vizuri, anaimba "gut". Hana kitu kama "-ly" cha kumtofautishia. Kwa hiyo mgeni anateremka asubuhi kwenye chai na kusema "I have slept very good", na mtu wa mapokezi anamjibu kwa furaha, karibu sana. Hakuna anayetazamana na mwenzake. Ni kosa la ukoo ule ule, la mtu aliyevusha lugha ya mama yake kwenda kwa lugha ya kuazima. Tofauti ni nani analipa na nani anaomba.

Najua nitakachojibiwa. Kwamba Kiingereza ni mkate, na sisi vijana wa mitandaoni tunapenda kuwatetea watu kwa kuwaacha na njaa. Sijasema Kiingereza kiachwe. Nataka kifundishwe, tena kifundishwe mpaka kieleweke, na njia ya mkato inapita kwenye Kiswahili kilichopigwa marufuku. Mwalimu anayeanza na nuka na nusa hapunguzi hata neno moja la Kiingereza. Anafuta kicheko tu. Na wakubwa wa hoteli, kama kweli mnapima uwezo, mpimeni mtu kwa kazi. Mpeni shuka na dakika kumi.

Lakini na sisi wa Pwani tusijifanye mahakimu wasafi. Mtu wa Nairobi anashuka SGR, anavuka feri Likoni, anafika Diani amechoka, anasema "niko mgonjwa". Tunamcheka palepale. "Niko" ni ya mahali, bwana, uko wapi huko kwenye ugonjwa? Sema "mimi ni mgonjwa". Au umwige mzee wa huku, ambaye akiugua husema "siwezi" na kila mtu anaelewa. Sawa, lakini dakika hiyo hiyo sisi tunasalimiana "niko poa", "niko fiti", "niko vizuri", na hakuna anayeuliza poa iko kijiji gani. "Niko" imeshatoka mahali ikaingia kwenye hali, na ni sisi tuliyoitoa, kila siku, kila salamu. Yule Mnairobi amefuata njia yetu tu, akaenda nayo hatua moja mbele. Tunamcheka kwa lafudhi yake, kisha tunaisingizia sarufi.