Kisasi Kinapovishwa Joho la Haki

Wahenga walinena kuwa siku za mwizi ni arobaini. Hawakusema, hata hivyo, ni nani atakayezihesabu siku hizo, wala mwizi atafanywa nini zikishatimia. Pengo hilo hujazwa na aina moja ya riwaya ya upelelezi: ile ambamo mtu aliyeachiliwa na mahakama huandamwa na raia waliojifanya mashahidi, mahakimu na wanyongaji kwa pamoja. Riwaya za namna hii husisimua. Je, zinafunza nini kuhusu haki?

Mfano mashuhuri ni Murder on the Orient Express, riwaya ya Mwingereza Agatha Christie iliyochapishwa mwaka wa 1934. Tajiri Mmarekani ajiitaye Ratchett anakutwa ameuawa ndani ya gari moshi lililokwama kwenye theluji nchini Yugoslavia, mwili wake una majeraha 12 ya kisu. Mpelelezi Hercule Poirot anagundua kuwa jina halisi la marehemu ni Cassetti, na kwamba ndiye aliyemteka nyara na kumwua mtoto Daisy Armstrong huko Marekani, kisha akaponyoka adhabu kwa nguvu ya fedha. Waliomchoma kisu ni watu 12, idadi ile ile ya jopo la mahakama za Marekani, na wote walikuwa na uhusiano na familia ya mtoto huyo. Poirot anatoa maelezo mawili ya mauaji hayo, moja la kweli na jingine la uongo. La uongo ndilo linalochaguliwa wapewe polisi.

Aghalabu msomaji hukifunga kitabu hiki akiwa ameridhika, na kuridhika huko ndiko kunakostahili kuhojiwa. Mwandishi amemwondolea msomaji mzigo wa shaka. Hatia ya Cassetti haina utata, wala hakuna amliliaye. Kisu kinaposhuka, msomaji hajiulizi iwapo kimempata siye, kwa kuwa msanii amekwisha kumhakikishia kuwa ndiye.

Hata hivyo, riwaya hiyo hiyo imebeba ushahidi dhidi ya kisasi inachokitukuza. Baada ya Daisy kuuawa, polisi walimshuku yaya aliyekuwa akihudumu nyumbani humo. Alikana, lakini hakuaminiwa. Kwa kukata tamaa alijirusha dirishani akafa, na baadaye ikathibitika kwamba hakuwa na hatia yoyote. Baba yake msichana huyo ni mmoja wa wale 12. Mzazi aliyempoteza mwana kwa sababu ya watu waliokuwa na hakika isiyo na msingi anashika kisu akiwa na hakika yake mwenyewe. Christie anapita hapo upesi, ilhali hapo ndipo penye riwaya nzito zaidi.

Mwandishi Mmarekani Brian Garfield aliiona hatari hii. Riwaya yake, Death Wish, ya mwaka wa 1972, inamsawiri mhasibu wa New York ambaye, baada ya familia yake kushambuliwa, anaanza kuwawinda wahalifu usiku. Filamu iliyotokana nayo mwaka wa 1974 ilimgeuza mhusika huyo kuwa shujaa wa kushangiliwa. Garfield hakupendezwa, na mwaka wa 1975 alitoa riwaya nyingine, Death Sentence, ili kuupinga ushujaa huo.

Nchini Kenya suala hili halikomei vitabuni. Ukelele mmoja wa "Mwizi!" sokoni au katika kituo cha matatu umewahi kutosha kumfanya mtu ateketezwe kwa tairi. Kisha husemwa kuwa wananchi "walichukua sheria mikononi mwao". Wanafunzi wa lugha hawana budi kuutafakari usemi huo. Sheria haikuchukuliwa na yeyote. Iliachwa chini, ikakanyagwa. Ibara ya 50 ya Katiba ya mwaka wa 2010 inamchukulia kila mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo, na inakataza mtu kushtakiwa tena kwa tendo ambalo mahakama ilikwisha kumwachilia au kumtia hatiani kwalo. Umati hauijui ibara hiyo.

Ni kweli kwamba hasira ya umma haizuki pasipo sababu. Kesi hukawia, mashahidi hutishwa, na hongo hununua uhuru wa wenye nacho. Lakini dawa ya mahakama mbovu ni mahakama bora. Aidha, si kila aliyeachiliwa aliponyoka: wapo wasio na hatia, na wapo waliomaliza vifungo vyao. Jamii inayokiri kuwa kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, itakuwa inajikana yenyewe ikimwinda mtu aliyekwisha kuadhibiwa.

Riwaya ya Kiswahili ya upelelezi ina urithi ufaao kwa kazi hii. Tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilipochapishwa mwaka wa 1960, Bwana Msa amekuwa akitumia akili na subira pale wengine wanapokimbilia imani na uvumi. Waandishi chipukizi wanaovutiwa na mada ya kisasi na waandike, lakini wamrudishie msomaji shaka aliyopokonywa. Mlipiza kisasi na abishe hodi kwenye mlango usio wake. Aliyeachiliwa na apewe mama wa kumlilia. Hapo msomaji atakifunga kitabu akiwa na swali, na huenda siku ukelele utakapopigwa mtaani, mkono wake usite kuokota jiwe.