Meza ya poka ina mwenyewe

Mabingwa wa poka ya intaneti hujigamba kwamba wanasoma akili za wenzao. Nani alisoma akili ya mwenye meza? Huyo hachezi, humega chake katika kila fungu, ashinde nani, ashindwe nani. Na bado hakushiba! Septemba 2011 serikali ya Marekani ilieleza mahakamani mambo ya Full Tilt Poker: kufikia Machi mwaka huo kampuni ilidaiwa na wachezaji kiasi cha dola milioni 390, benki mkiwa na milioni 60 tu, ilhali vigogo walikwishagawana zaidi ya milioni 440. Wachezaji wa Marekani walianza kurudishiwa 2014, hodari na mbumbumbu foleni moja. Tunasema: pesa za wachezaji zikae akaunti ya peke yake, mkaguzi azione. Kampuni inayokataa inaficha nini?